Nyumba Isiyoitwa

Ndugu zangu wa Kamalondo, mnanijua kwa utani. Leo utani nimeuacha mlangoni, au karibu wote.

Kila jioni ya Alhamisi mtaa wetu ulikuwa na amani: filimbi ya kiwanda cha shaba imelia, bukari, ugali wetu, imeliwa, watu wanaingia uani kwa Mama Kunda kusali. Aliyetuongoza ni Mwaba. Kiwandani, alikofanya kazi, walimwita citoyen, yaani mwananchi; kwetu, Mchungaji. Kondoo akipotea, Mwaba alimfuata mpaka kwenye meza ya bia. Mimi najua, alinikuta pale mara mbili.

Desturi yetu ni hii: Mchungaji anaita nyumba moja moja, kila nyumba inasema kama ina mgonjwa, na papo hapo wanachaguliwa wa kwenda kumwangalia. Sasa niambieni: nyumba ya mwenye kuita, nani ataiita?

Wiki moja mama mzee wa Mwaba, aliyekuja kukaa kwake kutoka Lukafu, alishikwa na homa. Virginie, mke wa Mwaba, alimwambia Jumanne:

— Baba, mama iko na moto mwili muzima.

— Mupe maji. Kwa jirani Bwalya banalia mufu, niende kwanza.

Jumatano:

— Baba, mama anasema maneno haieleweke!

— Kesho, Virginie. Kondoo iko mingi, muchungaji iko mumoja.

Alhamisi akaita nyumba kumi na moja, akafunga kitabu chake cha majina. Virginie akasimama.

— Muchungaji, umesahau nyumba moja.

— Ya nani?

— Ya kwako.

Tulikimbia wote mpaka nyumbani kwake. Jirani yetu Kapya alimpakia mzee kwenye baiskeli, Mwaba akimshika mgongo, mpaka hospitali. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini masikio yalikufa.

Siku hizi Mwaba anapita nyumbani kwanza. Anasimama mlangoni, anaita: "Mama!" Mzee anaendelea kuchambua maharagwe. Yule aliyetufundisha kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji wao, lazima aingie, apige magoti, amguse mkono, ndipo mama ajue mtoto wake amefika.

FUNDISHO

Unayechunga ya wengine, anza kuita mlangoni pako. Na sisi kondoo tusinyooshe kidole: miaka minne alituuliza hali, hakuna aliyemrudishia, "Na kwako, baba, banaamuka muzuri?" Mchungaji naye ana nyumba. Iite.