Huenda ya Naftali

Koti jeupe lilitua juu ya cherehani ya Yunisi kabla hajamwona mwenye koti. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1999, soko la Singida mjini limefurika, marobota ya mitumba yamefunguliwa hadi katikati ya njia, na upepo unapeperusha sketi za watu bila adabu. Yunisi alikuwa amevaa blauzi ya kijani aliyoishona mwenyewe, na kitambaa cha njano kichwani.

"Nani kakupiga pembe?" aliuliza, akiupima mpasuko kwa macho.

"Dume la mnadani. Tulikuwa tunamtoa damu."

"Naye akataka yako."

"Hakuipata. Labda wewe utaipata."

"Mimi nashona tu, kaka. Damu kaa nayo mwenyewe."

Amne, mwenye kibanda cha simu ya kulipia mlango wa pili, alicheka hadi akakosea kukata dakika za mteja. Naftali, mwenye koti, naye alicheka, kisha akaacha. Alikuwa ameona jinsi binti yule anavyozungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, vidole vimekunjama pembeni, vimevimba kwenye maungio.

"Vidole vina nini?"

"Baridi yabisi," alisema Yunisi. "Upepo huu wa kwetu, utafanyaje?"

Naftali alikuwa mzaliwa wa Kinampanda, mtu wa maabara, amekuja mjini na kikundi cha watafiti kupima damu na maziwa ya ng'ombe. Koti lake lilichanika mara tatu mwezi ule. Mara ya tatu Amne alilishika, akaligeuza, akamwita Yunisi kwa sauti ya soko zima: "Shoga, hebu njoo uone pembe inayokata mstari mnyoofu kama mkasi!"

Baada ya hapo hapakuwa na siri. Simu ikilia asubuhi, Amne hakuuliza ni nani.

"Yunisi! Mganga wa ng'ombe yuko hewani!"

"Haloo."

"Vidole vimeamkaje?"

"Unaulizia vidole kabla yangu?"

"Wewe najua umeamka mzuri. Vidole ndivyo sivijui."

"Muongo mkubwa."

"Njoo unipime, mpenzi. Vifaa ninavyo."

Ni yeye aliyempeleka kwa daktari. Daktari akasema baridi yabisi haina baridi ndani yake, ni jina tu. Askari wa mwili wamegeuka wanaushambulia mwili wenyewe. Kilichowageuza hakijulikani. Waliporudi, wakila mahindi ya kuchoma kando ya barabara, Naftali alimweleza kile ambacho watafiti wenzake walikuwa wanakitafuta.

"Huenda vijidudu vya wanyama vina mkono. Vinaingia, labda kwa maziwa mabichi. Askari wanavifukuza, halafu wanachanganya sura, wanaanza kuwapiga wenyeji."

"Huenda?"

"Huenda. Hakuna aliyethibitisha."

Alilipenda neno hilo. Kazi yake ilimfundisha kulitumia kwa heshima, na Yunisi alimpenda kwa hilo, kwani wanaume wengine aliowajua walikuwa na uhakika wa kila kitu. Angejua lingemfanyia nini, angemkataza kulitamka maisha yake yote.

Siku ya posa, Naftali alifika Unyambwa, nyumbani kwa kina Yunisi, na kaka yake Alphonce, suti ya kahawia, viatu vimeng'arishwa. Mama Yunisi alikuwa mjane, amewalea watoto wake kwa ng'ombe kumi na mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu. Maneno mazito alitafsiriwa na shemeji yake, mzee Melkizedeki, ambaye Yunisi alimwita baba mdogo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni, mketi."

Katika ukoo ule, mtu aliyekuja kuposa hafungui mdomo kusema shida yake kabla hajanywa maziwa ya nyumba. Mama Yunisi aliingia na kibuyu, kimefukizwa moshi kikanukia, maziwa ya asubuhi yenye povu. Akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Naftali alikipokea. Wiki mbili nyuma, maziwa ya zizi hili hili yalipita mikononi mwake kwenye chupa ndogo, na majibu aliyaandika mwenyewe. Vijidudu vilikuwemo. Hakumwambia mtu, hata Yunisi, kwa sababu matokeo yalikuwa hayajatolewa. Angegusisha midomo tu, mjinga yule, akarudisha kibuyu, akasema asante. Lakini aliangalia vidole vya Yunisi vilivyokuwa vimeshika trei ya vikombe, maneno yakamponyoka.

"Mama, naomba yachemshwe kwanza."

Alphonce alifumba macho.

"Umesemaje?" aliuliza Melkizedeki.

"Si kwa ubaya, baba. Kuna vijidudu kwenye maziwa mabichi. Huenda hata ugonjwa wa Yunisi vimeuchangia. Huenda tu, hakuna uhakika."

Kinyaturu, lugha ya nyumba ile, kina neno lake la huenda, msidhani hakina. Melkizedeki hakulitumia. Alimgeukia shemeji yake, akatafsiri kwa maneno machache, na Yunisi aliyasikia yote: mgeni anasema maziwa yako ndiyo yaliyomlemaza mwanao.

Mama Yunisi hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale, akaanza kusema polepole, kama anayehesabu. Alikuwa amempa mtoto huyu maziwa ya kwanza ya kila ng'ombe. Vidole vilipoanza kuvimba, alimwongezea kikombe asubuhi na kikombe jioni, ili apone.

"Mama, sikusema hivyo," alisema Naftali. "Yunisi, mwambie."

Yunisi alijua hakusema hivyo. Alijua vizuri kuliko wote pale ndani. Lakini mama yake alikuwa sakafuni, na hasira haingoji tafsiri sahihi. Akakitwaa kibuyu mikononi mwa Naftali, akanywa mbele yake mpaka kikaisha, maziwa yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye gauni la posa.

"Rudi kwenu, Naftali," alisema. "Nenda kachemshe."

Miezi minane simu ya Amne ililia, na miezi minane Yunisi alisema mwambieni sipo. Mama yake aliuza ng'ombe wote mnadani, mmoja mmoja, na zizi likaota majani. Hawakunywa maziwa tena, ya kuchemsha wala mabichi. Vidole havikupona. Kila asubuhi mama aliuliza, "Mikono imeamkaje?" na vikiwa vimevimba alikwenda kukaa nje peke yake.

Naftali alirudi sokoni siku ya Jumamosi, amekonda, koti begani. Yunisi alikuwa amekaa pembeni ya cherehani yake mwenyewe. Aliyeshona sasa alikuwa fundi wa kukodi.

"Limechanika tena?" aliuliza.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Utafiti umesemaje?"

"Unasema bado haijulikani. Yunisi, nakupenda. Hilo halina huenda."

Machozi yalimtoka Yunisi mbele ya wateja, naye hakuyafuta. "Hata mimi nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma. Mama ameuza zizi lake kwa neno lako. Nenda ukamwambie si maziwa yake. Ukishamwambia, nitakuwa mkeo."

"Lakini sijui kama siyo."

"Basi danganya. Mara moja tu, kwa ajili yangu."

Walikwenda wote. Safari hii Mama Yunisi aliandaa chai ya rangi, kwani ndani hamkuwa na kingine. Hakumwita Melkizedeki. Kiswahili chake alikuwa amekifanyia mazoezi, ilionekana, neno kwa neno.

"Mwanangu, sema wewe, mimi nasikia. Ni maziwa yangu?"

Naftali alishika kikombe. Alimtazama Yunisi, kisha akamtazama mama.

"Hapana, mama. Siyo maziwa yako."

Mama Yunisi alitikisa kichwa taratibu kukubali, mara nyingi. Uso wake ulilegea kidogo, Yunisi akaanza kupumua. Halafu mama aligeuka, akaangalia zizi kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Kumbe ng'ombe wangu niliwauza bure," alisema.

Chai ilipoa vikombeni. Yunisi alimsindikiza Naftali hadi barabarani, hawakushikana mikono, na mwenye hatia kati yao hakuwepo, ndiyo maana ilikuwa vigumu kusameheana.

Jumatatu simu ililia kibandani. Amne hakupiga kelele safari hii. Alikuja mlangoni tu, akamwashiria. Yunisi aliukamata mkono wa simu kwa viganja viwili, kwa sababu vidole havikufunga.

"Nilisema ulichonituma," ilisema sauti ya Naftali. "Ulisema utakuwa mke wangu. Utakuja, Yunisi?"

Alitazama cherehani yake, fundi wa kukodi akiiendesha. Alimpenda mtu huyu kuliko alivyowahi kumpenda yeyote, na hakujua kama angeweza kumkalisha tena mbele ya mama yake.

"Huenda," alisema, na akaweka simu chini.