Kipande cha Kanga ya Munira

Jumamosi ile soko la Tandika lilikuwa limejaa, pa kukanyaga hapana, na katikati ya kelele zote hizo kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alikuwa analowesha kidole mate na kusugua batiki ya Munira.

"We kaka! Unanunua au unaonja?"

Kijana akamwonyesha kidole, buluu tupu. "Inachuja, dada."

"Umechuja wewe!" Munira alisema, ila kicheko kilimponyoka. Ukweli aliujua. Nguo zake zilikuwa zinachuja, na wateja walishaanza kusema.

Ndivyo alivyomjua Talha wa Kinondoni, mfanyakazi wa maabara ya chuo. Miezi minne ya simu za "mpenzi, umekula?" na safari za Kunduchi kula samaki, mpaka Talha akasema Ijumaa wazee wake wanaleta posa. Munira nusura apae! Halafu Jumatatu ya wiki hiyohiyo mwanaume akaomba kitu cha ajabu.

"Mpenzi, nipe kipande cha kanga yako. Ya zamani, uliyoivaa mpaka ikalainika."

"Ya nini?"

"Nitakwambia ikikubali. Sitaki kukutia tamaa bure."

Haya! Nani Temeke nzima asiyejua nguo iliyovaliwa inapelekwaga wapi? Munira alimpa, lakini usingizi ukamruka. Mwanabaraka, shoga yake wa meza ya pili, hakumaliza hata kusikiliza.

"Nguo ya mwilini? Umeshafikishwa kwa mganga wewe! Anataka akuoe uwe zezeta."

Alhamisi asubuhi Talha alikuja nyumbani kwa Munira, akaenda msalani, begi akaliacha uani. Munira akalifungua. Kipande chake cha kanga, kile kilichopauka kwa kufuliwa, kilikuwa kimekatwa viwili, kila kimoja na mfuko wake wa nailoni ulioandikwa: Munira 1, Munira 2. Pembeni, kichupa cha maji mazito kisicho na lebo. Talha akatokea.

"Talha! Nimekukosea nini mie?"

"Munira, subiri nikueleze..."

"Toka! Na hao wazee wako kesho wasije!"

Akamtupia begi, vipande akabaki navyo. Simu iliita mara saba, hakupokea. Kuvichoma aliogopa, asije akaiamsha hiyo dawa. Basi akavitumbukiza vyote kwenye beseni la rangi ya batiki, ya buluu, dawa ikafie humo; magadi yalishaingia, chumvi ya kukoleza rangi bado, kisha akakaa chini akalia.

Alipokuja kuvisuuza, kimoja kilikuwa kimefifia na maji yakatoka na rangi. Cha pili kilikuwa buluu nzito, nzito kuliko alivyowahi kupata kwa mfuko mzima wa chumvi, na maji yake yakatoka safi. Akachukua simu.

"Hiki kimoja ulikitia nini?"

"Polima. Ni chembe zenye matawi mengi, nimezishikiza kwenye pamba, na kila ncha ya tawi inadaka rangi isichuje. Kile kingine sikukitia, ni cha kulinganishia. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, unazizuia, ndiyo maana nikaomba kuukuu."

"Si ungesema!"

"Zimeshanifelisha mara kumi, Munira. Ningesema nini?"

"Mie nilidhani unaniroga."

"Miezi minne, na ndivyo unavyonijua?"

Ilimuuma Munira. "Njoo," alisema.

Alifika alasiri, hacheki. Munira akampokea mlangoni na mkasi.

"Vua shati."

"Munira!"

"Vua. Umekaa na nguo yangu siku tatu, nami nataka yako."

Talha alimtazama, akafungua vifungo kimoja kimoja, akampa lile shati jeupe la siku ya Tandika, yeye akabaki na singlendi. Munira akakata mfuko wa kifuani, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Unampelekea mganga?" Talha aliuliza, na tabasamu likaanza kumjia.

"Itategemea," Munira alisema, "hao wazee wako kesho wanafika saa ngapi."