Kisima cha Otjomeva

Gari la maksai lilipinduka kwenye mteremko wa tuta la mchanga, ekseli ikakatika vipande viwili, na pipa la maji likapasukia juu ya jiwe. Mchanga wa jangwa la Omaheke uliyanywa maji yote kabla Hollmann hajamaliza kutukana.

"Uazuva, mpumbavu wewe! Nani kakufundisha kuendesha maksai?"

"Wewe ndiye uliyesema tupite njia ya mkato, bwana," Uazuva alijibu, huku akifungua nira ili maksai walioanguka wasijinyonge.

Ruprecht Hollmann alikuja nchi ya Waherero akiwa askari wa Kaisari wa Ujerumani. Vita vilipokwisha alibaki, akapewa shamba lililokuwa malisho ya kina Uazuva, pamoja na ng'ombe wao. Kila kiangazi alipeleka tumbaku na vitambaa kwa Watswana, ng'ambo ya mpaka. Safari hii alitaka kumtangulia mfanyabiashara mwenzake, ndiyo maana akaiacha njia ya visima. Mpishi wake safarini alikuwa Kaunahange, dada yake Uazuva.

Wakashika mashariki kwa miguu, wakiwaswaga maksai. Hollmann alibeba bunduki na chupa ya maji iliyosalia, akanywa peke yake. Ndugu wale walitafuna matikiti mwitu, machungu kama nyongo, hadi nayo yakaadimika. Maksai walilala mmoja mmoja wasiinuke tena, wakabaki wawili. Chupa ikakauka. Ulimi wa Hollmann ukavimba.

"Maji," alikoroma, akimwelekezea Kaunahange mtutu. "Mnajua yalipo. Mnanificha."

"Hata wewe unajua, bwana. Tumekaribia kisima chako."

Hollmann alimkodolea macho. Kaunahange akaendelea, kwa Kijerumani safi: "Kile unachowasimulia wageni wako mezani. Mlivyokilinda wakati wa vita. Mlivyowaacha watu wasogee, kisha mkafyatua."

Miaka yote hiyo alikuwa akimwandalia supu, na Hollmann akidhani haelewi hata neno moja.

Uazuva alimvuta dada yake pembeni. "Tumwache hapa hapa. Tai watajua la kufanya."

"Hapana. Namtaka pale."

"Ana bunduki, dada!"

"Ana kiu pia. Atatufuata kama mbwa."

Kisima cha Otjomeva kilikuwa katika bonde kavu la chokaa, kimefukiwa na mchanga. Kandokando yake ilitawanyika mifupa myeupe, mingine midogo. Kaunahange alisimama penye kichaka kimoja. Hapo ndipo mwanawe Kaipaha alipokata roho kwa kiu wakati wa vita, maji akiyaona.

Uazuva akaanza kuchimba kwa sahani ya bati. Mchanga ulipobadilika rangi, Hollmann alimsukuma, akaitupa bunduki, akajirusha shimoni na kukwangua kwa kucha. Tope lilitoka, kisha maji ya kahawia. Alipoinama anywe, alisikia bunduki ikikokiwa juu ya kichwa chake.

"Toka," alisema Kaunahange.

"Tafadhali, mama..."

"Leo nimekuwa mama? Toka. Kaka yangu atakunywa, kisha mimi, kisha ng'ombe."

Alimkalisha mbali, juani, mahali anapoweza kuwatazama. Walikunywa. Maksai wakanywa hadi matumbo yakajaa. Hollmann alipotambaa kusogea, risasi ilirusha mchanga mbele ya vidole vyake. Akajaribu tena. Risasi nyingine.

"Ndivyo mlivyofanya, au nimekosea?"

"Niliamriwa!"

"Na kucheka mezani, uliamriwa na nani?"

Hollmann alilia, macho makavu. Jua likahama kutoka utosini hadi mgongoni mwake.

"Mmalize, dada," Uazuva alisema. "Kama huwezi, nipe mimi."

Kaunahange alimlenga kifuani. Alitamani kufyatua kama alivyowahi kutamani maji. Kisha akaitazama ile mifupa midogo, akaushusha mtutu.

"Asife hapa. Hawa hawamtaki awe jirani yao."

Akajaza chupa ya Hollmann na kuiweka chini, hatua chache kutoka kisimani. "Kunywa, ondoka. Rudi kwa miguu, njia ile ile waliyokimbia watu wetu. Uone ilivyo ndefu."

"Nitakufa!"

"Huenda. Wengine walifika."

Alipotokomea, waliikusanya mifupa yote wakaizika, kisha wakawaswaga maksai wawili mashariki. Walivuka mpaka wakiyumba. Waherero waliotorokea kule waliwakimbilia, na shangazi yao, Vetira, akawakalisha kivulini.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mchungaji mmoja wa ng'ombe alileta habari: doria ilimwokota Hollmann akiwa hai, nyayo zimechunika, na ameuza shamba arudi kwao.

Uazuva alitema mate. "Nilikwambia tummalize."

Shangazi alimtazama Kaunahange. "Na wewe, mwanangu? Moyo umetulia?"

"Bado, shangazi," alisema Kaunahange. "Lakini nimemzika Kaipaha."

Akayamaliza maziwa mgando yaliyokuwa kibuyuni, akakinyoosha aongezwe.