Mikono ya Henrike

Jumamosi asubuhi soko la Hansaplatz, pale Dortmund, halina adabu. Watu wanasukumana na vikapu vyao, na foleni ndefu kuliko zote ni ya chapati za viazi. Henrike Vossberg, koti lake la kijani limefungwa hadi kidevuni, alipokea sahani yake, akamega, akakunja uso.

"Hata chapati ina ladha ya mashine!"

"Si chapati, dada, ni mikono yako," sauti ilisema nyuma yake. "Hayo ni mafuta ya bati. Nayajua kama ninavyomjua mama yangu."

Aligeuka. Akaona mabega mapana, skafu ya njano, na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Wewe ni mbwa wa polisi?"

"Mimi ni fundi, Malte Piontek. Jumatatu naanza kazi kwenye taasisi ya utafiti wa kukandamiza bati."

Henrike alicheka mpaka sosi ya tufaha ikamwagikia koti. Taasisi hiyo ilikuwa yake. Alikuwa mhandisi mtafiti huko, na kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta jinsi ya kukandamiza bati jembamba liwe kikombe kirefu bila kuchanika. Masika ijayo angetetea utafiti huo apate udaktari.

"Miaka mitatu mwanamke mzima unatengeneza vikombe?" Malte alimtania Jumatatu, akivaa ovaroli. "Tena havina hata mkono wa kushikia!"

"Kikombe kikitoka salama, mlango wa gari nao utatoka salama. Weka bati, acha maneno."

Basi Malte akawa anaweka bati kwenye mashine, Henrike anapokea vikombe na kuvipima. Mapenzi nayo hayakungoja matokeo ya utafiti. Kufikia vuli, simu ya Henrike ilikuwa haipoi.

"Umekula, kipenzi?"

"Tumeachana dakika kumi zilizopita, Malte!"

"Dakika kumi ni nyingi kwa mwenye njaa."

Kisha vikombe vikaanza kuchanika chini, kimoja baada ya kingine. Kwa wiki nne Henrike alibadili kasi, akabadili nguvu ya mashine, akakosa usingizi. Mwishowe alipima mafuta ambayo kila bati hutoka nayo kiwandani, yale yanayolisaidia kuteleza ndani ya mashine. Hayakuwepo.

"Nani anafuta mabati yangu?" aliuliza mbele ya profesa na karakana nzima.

"Mimi," Malte alisema.

"Kwa nini?"

Malte alitazama buti zake. Masikio yalimwiva.

"Mzembe we! Umeniharibia mwezi mzima!"

Neno likitoka halirudi. Malte alikunja ovaroli yake, akaomba kuhamishiwa karakana iliyoko mji wa Hagen. Henrike aliandika kwenye ripoti: kosa la fundi. Siku ya pili alipokuwa akila mkate peke yake, alishtuka kuona una ladha ya mkate. Alinusa viganja vyake. Havikunuka kitu. Kwa mwezi mzima havikuwa vimenuka, naye hakuona, kwa kuwa binadamu huwa haoni kilichoacha kumsumbua. Akaikumbuka ile chapati ya sokoni, akalia palepale mezani.

Alipiga simu mara sita. Ya saba Malte akapokea.

"Uliyafuta kwa ajili ya mikono yangu. Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya wanaume kumi na wawili kwamba nafuta mafuta ili mpenzi wangu afurahie mkate?"

"Nisamehe, Malte."

"Ulinitukana mbele ya watu, Henrike. Msamaha unauleta faraghani, kwa simu?" Akakata.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Henrike alivaa suti ya buluu na viatu vilivyombana. Mtahini mmoja, mzee mkavu kama ubao, alipekua kurasa.

"Hapa pana mwezi mzima wa vikombe vilivyochanika. Ripoti yako inasema ni kosa la fundi."

Angeitikia tu, yangekwisha. Akisema kweli, alijua udaktari wake unaweza kuishia hapo.

"Ripoti ni ya uongo. Kosa ni langu," alisema. "Sikuandika popote kwamba mafuta yasifutwe. Nililalamika kuwa mikono inanuka, na fundi wangu alinisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe. Nikamwita mzembe. Anaitwa Malte Piontek, na mzembe ni mimi."

Mtahini alivua miwani. "Andika hivyohivyo kwenye kitabu chako cha utafiti," alisema. "Tuendelee."

Alifaulu. Nje, wenzake walimngoja na mkokoteni wa kumtembezea daktari mpya, na kofia ambayo karakana humtengenezea kila anayefaulu. Kofia yake ilikuwa ya bati, ndefu, imekandamizwa mara moja bila ufa. Aliyeishika alikuwa Malte, skafu ya njano shingoni.

"Nilikuwa mlangoni. Nimesikia yote," alisema, akimvika. "Hii sijaifuta, daktari."

Mafuta yalimchuruzika Henrike kwenye paji la uso. Malte akatoa kitambaa mfukoni haraka, kwa mazoea. Henrike akamshika mkono.

"Usifute."

"Chakula kitanuka mafuta."

"Utakuwa unanilisha wewe. Maisha yote."

"Henrike! Unaniposa?"

"Nakuposa. Jibu upesi, yananiingia machoni!"

Malte alijibu ndiyo, kisha akamfuta.