Fimbo ya Mama na Gurudumu la Mpira

Jua lilikuwa linazama tulipofika kwa Mzee Kuwabara, nje kidogo ya mji wa Morioka, mimi na kaka yangu Tetsuro. Tulimpelekea mashine yetu ya santuri, ile inayozungushwa na mkanda, tubadilishane na yake ya zamani inayozungushwa na gurudumu la mpira. Ile ya mkanda haikuwa na kasoro hata moja. Lakini nani amwambie Tetsuro? Masikio yake, kwa maneno yake mwenyewe, hayana mfano Japani nzima.

Mzee aliifufua ile mashine yake ya zamani kwa mikono yake. Ilinuka mafuta, na kwa mbali... ubani wa msibani. Hakutaka hata kuigusa tena.

"Kwenu kuna mtu analala juu?" alininong'oneza.

"Mama yetu."

"Ikigonga, kimbia juu. Mimi nilikaa nikaisikiliza. Mke wangu..."

Tetsuro alicheka mpaka garini. "Mzee akili zimemruka! Gurudumu likiachwa limebanwa linakuwa bapa upande mmoja, ndiyo maana linagonga. Basi!"

Mkahawa wetu ni wa kusikilizia jazi. Mtu ananunua kahawa, anafumba macho, na kuongea ni marufuku. Wanaume wazima, wamekunja sura kama wanangoja kung'olewa meno! Mama alilala ghorofani. Kiharusi kilimfunga ulimi, kwa hiyo akitaka kitu aligonga sakafu kwa fimbo.

Santuri ya kwanza. Besi ikajaa chumba. Kisha...

Ngo.

Ngo... ngo...

Nikapanda mbio. Mama amelala, fimbo imeegemea ukutani. Nikashuka, Tetsuro kanitolea macho.

"Ngazi zinapiga kelele, Sawako! Unawasumbua wateja. Ni gurudumu, wewe!"

Akalisugua likawa duara safi. Likagonga. Akaweka jipya. Likagonga. Kila likigonga nilipanda, na kila nikipanda Mama alikuwa salama. Mwishowe bwana mkubwa akaweka kiti chini ya ngazi, akakikalia mwenyewe ili nisipite. Eti mlinzi wa muziki!

Jioni moja nilitoka kununua maziwa. Narudi, naisikia tangu barabarani. Ngo! Ngo! Ngo! Haraka haraka. Ndani, wateja wamefumba macho. Tetsuro kainama, kichwa chote tumboni mwa mashine.

Santuri ilikuwa imesimama. Waya wa umeme ulikuwa mkononi mwake.

Ngo.

"Kaka," nilinong'ona, "si umeizima?"

Akaweka kidole mdomoni. "Shh. Nalisikiliza gurudumu."

Nikamsukuma, nikapanda. Mama alikuwa sakafuni, fimbo mkononi, mkono bado una joto. Mbao zilikuwa na vishimo vibichi pale alipogonga. Pumzi hakuwa nayo.

Nilimlilia Mama mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo mashine haikugonga tena. Wateja walimpongeza Tetsuro kwa ufundi wake, naye, bila hata chembe ya haya, aliinamisha kichwa na kushukuru. Akahamia chumba cha Mama. Goti lilipoanza kumsumbua akachukua na fimbo ya Mama.

Jana jioni alilalamika kifua kinambana, akapanda kulala mapema, akaniachia mashine. Nikaweka santuri, nikaanza kumimina kahawa. Harufu ikanijia kabla ya sauti. Ubani.

Ngo.

Nikachomoa waya. Santuri ikazunguka kivivu... ikasimama.

Ngo... ngo...

Mteja mmoja akafumbua macho, akatazama dari. "Dada," alinong'ona, "huko juu kuna mtu..."

Nikaweka kidole mdomoni.

"Shh. Gurudumu tu hilo."