Watoto Tisa wa Bonde la Hickory

Orville Tackett hakumwamini mtu. Hakumwamini fundi wa gari, wala mtangazaji wa hali ya hewa. Langoni kwake alipigilia vibao vitatu, vyote vikisema "Usiingie". Sisi watu wa milima ya Kentucky tunawapenda majirani zetu, ila tunawapenda wakiwa mbali kidogo. Orville alizidi.

Asubuhi moja ya Machi, mkewe Verna alikuwa akichambua maharage mezani. Mjukuu wao Tansy alikaa sakafuni na mbwa. Tansy alikuwa karibu kutimiza miaka minne, na maneno yake yalikuwa mawili tu: "bibi" na "hapana". Daktari alishasema anachohitaji ni darasa la watoto wadogo, lenye mwalimu wa kufundisha kusema. Tena mapema, maana akichelewa itakuwa vigumu zaidi. Darasa hilo ni la bure. Serikali kuu ya Washington ndiyo inayolilipia. Lakini Bonde la Hickory lilikuwa na darasa moja lenye viti kumi na viwili, na Tansy alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni.

"Mabry wana madarasa manne!" Orville alisema, akilipiga gazeti kwa kidole. "Ng'ambo ya mlima tu hapo. Sikiliza hii. Mwaka jana Washington imepeleka kaunti ya Mabry hela mara tatu ya zetu. Jimbo moja, serikali moja. Za kaunti yetu ya Larkin zimeenda wapi?"

"Labda kuna sababu," Verna alisema.

"Sababu ninayo. Mkuu wa kaunti kajenga ghala jipya."

"Ghala lenyewe la mabati, Orville."

"Ndiyo wanavyoanza. Leo mabati, kesho marumaru."

Alhamisi gari la vitabu la maktaba lilisimama karibu na daraja, kama kila wiki. Dereva wake, Delphia Noble, alikuwa amewaletea watu wa bonde vitabu kwa miaka ishirini. Orville alimwamini nusu. Alikwenda na gazeti mkononi, na Verna akamfuata akimshika Tansy mkono.

"Delphia, wewe msomi. Nani anakula hela zetu?"

Delphia alisoma gazeti, akacheka. "Mzee, umeshamkamata mwizi na hujui kilichoibiwa."

"Usinichezee. Namba si hizo hapo?"

"Namba ni za kweli. Lakini hela za Washington haziji kwenye gunia moja. Zina njia nyingi. Ipo pensheni. Hiyo inamfuata mzee popote anapoishi, kwa hiyo kaunti yenye wazee wengi inapata nyingi. Kuna mishahara. Mabry wana nini pale bondeni?"

"Ghala la jeshi."

"Watu elfu mbili wanafanya kazi pale. Mishahara yao yote inaandikwa chini ya jina la Mabry. Je, mshahara wa askari unaweza kumfundisha Tansy kusema?"

Orville alikuna kidevu. "Kwa hiyo hakuna mwizi?" aliuliza kwa huzuni kidogo.

"Sijasema hivyo. Vitabu vya kaunti viko wazi ofisini. Nenda ukavikague, ni haki yako. Lakini hela za darasa zina njia nyingine. Lazima ziombwe. Washington wanaangalia bonde lina watoto wangapi wenye shida. Kaunti imewaombea darasa la pili mara mbili, na mara mbili imekataliwa."

"Ahaa! Kwa nini?"

Delphia alifungua jalada la barua za kaunti alilokuwa nalo garini, akatoa karatasi. "Bonde la Hickory, watoto wa chini ya miaka mitano: tisa. Viti mnavyo kumi na viwili. Wakasema mnatosheka."

"Tisa?" Orville alipaza sauti. "Nyumba ya Hobart peke yake ina watano! Mjinga gani alihesabu?"

"Mlijihesabu wenyewe. Ni ile hesabu kubwa ya watu, ya miaka kumi iliyopita. Kila nyumba ilijaza fomu yake."

"Mimi sikujaza fomu yoyote."

"Nilijaza mimi," Verna alisema. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. "Niliandika watu wawili. Wewe na mimi."

"Na Cody je?" Cody ni kaka yake Tansy. Wakati ule alikuwa na miaka minne, na walikuwa wakimlea wao, kama wanavyomlea hadi leo.

"Binti yetu Jolene alituachia mtoto bila karatasi ya mahakama. Niliogopa. Nikasema nikiandika jina lake, serikali itajua yuko hapa, itakuja kumchukua." Alimvuta Tansy karibu. "Na huyu naye hana karatasi. Halafu Hobart aliponiuliza, nikamwambia na yeye asiwaandike wajukuu. Akawaambia wengine. Bonde zima, Delphia. Tuliwaficha watoto wetu wenyewe."

Orville alilikunja gazeti lake, akalitia mfukoni.

"Mwaka huu ni mwaka wa hesabu tena," Delphia alisema. "Fomu yako iko wapi?"

"Jikoni, nyuma ya kopo la unga."

"Mwandike kila anayeishi na kulala kwako. Fomu haiulizi karatasi ya mahakama. Na majibu yako ni siri kwa sheria. Hawampi polisi, hawampi hakimu, hawaipi ofisi ya watoto. Mfanyakazi wa hesabu akitoa siri anaweza kufungwa jela. Usipomwandika Tansy, hayupo. Na hatakuwepo kwa miaka kumi."

"Na wewe nani anakulipa useme hayo?" Orville aliuliza.

"Kaunti. Tena haitoshi. Usiniamini mzee, soma mwenyewe." Akampa sheria yenyewe, kurasa nane.

Orville aliisoma siku tatu, penseli mkononi, akitafuta mtego. Siku ya nne alimwekea Verna kalamu mezani. "Sijauona," alisema. "Haimaanishi haupo. Lakini sijauona."

Verna aliandika majina manne. La mwisho lilikuwa la Tansy.

Lakini takwimu mpya zingechukua muda kutoka, na Tansy hakuwa na muda huo. Delphia aliwaambia wanaweza kuambatisha kwenye ombi jipya la kaunti orodha ya watoto wanaosubiri, kila mlezi akitia sahihi. Basi Orville, mwenye vibao vitatu langoni, akaanza kubisha milango ya watu.

Hobart hakumfungulia. Aliongea akiwa nyuma ya mlango. "Serikali imekununua kwa bei gani?"

"Ingeninunua ningekuwa na lori jipya. Fungua, wewe!"

"Nani ataona majina ya wajukuu zangu?"

"Watu wa darasa na kaunti. Nitaipeleka karatasi kwa mkono wangu, nisimame pale mpaka wapige muhuri. Unadhani mimi nawaamini?"

Hapo mlango ulifunguka. Majirani walisema kama Orville Tackett mwenyewe ametia sahihi, basi labda jambo lina ukweli. Orodha ilifika watoto thelathini na wanane. Orville aliipeleka mwenyewe, akasimama mpaka muhuri ukapigwa, na alipokuwa pale akadai vitabu vya ghala la mabati. Alivikagua siku nzima. Hesabu zilikuwa sawa, akarudi amenuna.

Agosti jibu lilikuja. Darasa la pili limekubaliwa, pamoja na mwalimu wa kufundisha kusema. Verna alilia jikoni. Hata hivyo, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya lango lilimshtua. Bado moyoni alisubiri watu wa serikali waje kumchukua mtoto.

Na kweli walikuja. Walikuja Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kwa basi dogo la njano. Verna alimpandisha Tansy kwa mikono yake mwenyewe. Saa nane mchana wakamrudisha, naye akashuka akiwa na neno la tatu.

"Kesho," alisema Tansy.