Kisima Kilichochota Mawinguni

Kwii, kwii, kwii. Kapi la kisima cha wifi lililia kabla hakujapambazuka. Mshonaji akajifunika shuka mpaka masikioni.

"Kaanza tena," alinung'unika. "Hata jogoo anamwonea haya."

Nyumba zao zilikuwa jirani. Ya wifi yake, yaani mke wa kaka yake, ilikuwa juu ya mteremko. Ya mshonaji ilikuwa chini, imegusana na ukuta wa kiwanda cha zamani cha betri za magari. Kila nyumba ilikuwa na kisima, lakini majirani walipenda kuteka kwa wifi. Walipita mlangoni kwa mshonaji na ndoo tupu, wakamsalimia. Walirudi zimejaa, wakamsalimia tena. Salamu hizo zilimchoma kama sindano.

"Maji ni maji," alimwambia binti yake. "Ya kwake yametiwa sukari?"

"Mama nawe! Asubuhi yote hii?" Binti alicheka. Alikuwa mjamzito, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Akachota kikombe cha maji ya kisima chao, akanywa, akaongeza kingine.

Siku hiyo wapimaji wa udongo na maji walifika kiwandani. Walitoboa ardhi kwa mashine. Walitoa udongo wa juu, wa kati na wa chini, kila mmoja ukatiwa kwenye mfuko wake. Mkuu wao alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira. Alipomaliza pale kiwandani, alipanda moja kwa moja kwa wifi.

Mshonaji alichungulia dirishani. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, lakini cherehani haikushona. Aliona chupa zikijazwa. Aliona chai ikimiminwa. Alisikia kicheko.

"Hata wageni wanaijua njia ya kwake!" alisema. "Wanatafuta kisima bora, na wameshampa ushindi."

Mpimaji alipofika kwake, mara akaitwa kiwandani. Mashine ilikuwa imekwama.

"Nenda tu, mwanangu," mshonaji akasema kwa sauti tamu. "Niachie chupa, nitakujazia."

Mpimaji alisita. "Basi iwe moja kwa moja kutoka kisimani, mama. Usichuje, usichemshe."

"Mimi mtoto mdogo?"

Mpimaji alipoondoka, mshonaji hakwenda kisimani. Alikwenda kwenye pipa la maji ya mvua, chini ya paa. Maji yale yalikuwa meupe, yanang'aa. Akajaza chupa, akaifunga, akatabasamu. "Tuone sasa nani bora."

Baada ya siku kadhaa mpimaji alirudi. Alikaa kwenye kigoda, uso umejaa maswali.

"Mama, maji yako yamenishangaza. Maji ya kisima huwa na chumvichumvi za ardhini. Haya hayana kitu. Kisima chako kinachota mawinguni?"

Binti akacheka. Mshonaji hakucheka.

"Kwani si mazuri? Nimeshinda au sijashinda?"

"Kushinda nini, mama?" Mpimaji akamtazama binti, ambaye alikuwa na kikombe mkononi. "Mdogo wangu, hayo unayokunywa ni ya wapi?"

"Ya kisimani. Nakunywa hayo kila siku."

"Naomba uyaweke chini kwanza."

Kisha akaeleza polepole. Kiwandani, betri mbovu zilivunjwa juu ya ardhi tupu. Tindikali na madini ya risasi vilizama kwenye udongo. Mvua ikavisukuma mpaka kwenye maji yaliyo chini ya ardhi. Na maji hayo hutembea, nayo hapa hufuata mteremko.

"Wifi yako yuko juu ya kiwanda, ndiyo maana nilianza kwake. Nilitaka maji safi ya kulinganishia. Wewe uko chini ya kiwanda. Nilikuwa nahofia kisima chako kuliko vyote."

"Mbona ni meupe? Hayanuki," mshonaji alisema.

"Risasi haionekani wala hainuki. Tena kuchemsha hakuiondoi. Hudhuru watoto, na zaidi aliye tumboni."

Mshonaji alitazama tumbo la binti yake.

"Niliteka kwenye pipa la mvua," alisema. "Nilitaka kumshinda wifi yangu. Mwanangu, nimemnywesha sumu kwa wivu!"

Mpimaji akamshika mkono. "Kosa ni langu pia. Kazi ya kuteka ilikuwa yangu. Twende kisimani sasa hivi. Na yeye aende kliniki leo, akapimwe damu."

Safari hii mpimaji aliteka mwenyewe. Majibu yalithibitisha hofu yake, na kisima kikafungwa kwa kifuniko cha zege. Mboga zilizopandwa kando ya ukuta ziling'olewa. Watoto wa mtaa wakakatazwa kuchezea udongo wa pale. Kliniki ilikuta risasi kidogo katika damu ya binti. "Mmewahi," muuguzi alisema. "Asiyaguse tena maji yale, na arudi kwetu tumfuatilie."

Jioni ya siku ile kisima kilipofungwa, wifi akaja na ndoo ya maji kichwani. Hakuna aliyemwita.

"Afadhali ungenitukana," mshonaji alisema. "Nimekuonea wivu miaka yote hii. Kwa ajili ya kisima!"

Wifi akatua ndoo. "Na mimi nilikuonea wewe. Kisima nilikuwa nacho, lakini nyumbani hakukuwa na mtu wa kuniita mama. Nilikuwa nasikia mnavyocheka humu ndani, nakosa usingizi, naamka kuteka maji."

Mshonaji akainuka. Akampisha kwenye kiti kizuri.

Kila siku wifi alileta maji. Malori yakaondoa udongo mbaya kiwandani, na mtaa ukavutiwa bomba kutoka mbali. Mtoto akazaliwa salama, akilia kwa nguvu. Kliniki ikampima, ikaridhika.

Siku bomba lilipotoa maji, wifi alikuwa amempakata mtoto. Akamrudisha kwa mama yake taratibu, akachukua ndoo yake.

"Basi," alisema. "Maji mnayo sasa. Hamnihitaji tena."

Mshonaji alimkimbilia mlangoni.

"Wifi! Kesho uje tena. Ndoo iache, wewe uje."